Karatasi kwanza, risasi baadaye

  

Leo tuyaweke kando mambo ya pamba kali, mapenzi na nani kaonekana wapi na nani. Nataka tuzungumze kitu kizito kidogo, ila tutakwenda nacho taratibu, hakuna kutishana. Bunduki.

Wee, usilikunje gazeti! Sisemi ile bunduki ya kwenye sinema, brazameni anairusha juu na kuidaka kwa mkono mmoja, sista du pembeni anamfagilia. Nasema bunduki ya shamba. Ile ya marisau, inayotema chembe nyingi kwa mlio mmoja, ambayo nyie watoto wa mjini mnaiita shotigani.

Nimeileta kwa sababu siku hizi vijana wengi wa Temeke, Mbagala na Kigamboni wamekumbuka kwao. Jumamosi asubuhi ukipita Rangi Tatu utawaona na mabegi yao, wanawahi gari za kusini. Huyu karithi heka mbili za mpunga, yule kapanda ufuta, mwingine kaambiwa mikorosho ya marehemu babu haina mwangalizi. Safi sana. Lakini ukishafika huko, kitu cha kwanza unachoambiwa si bei ya mbegu. Unaambiwa habari za nguruwe.

Tuchukue Ruaruke. Hii ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, upande wa kuelekea delta ya Mto Rufiji. Zamani kote huko kulikuwa Wilaya ya Rufiji, kabla Kibiti haijapewa wilaya yake katikati ya miaka ya 2010. Unashuka Kibiti mjini, unaiacha lami ya barabara ya Kilwa, unaingia kwenye mchanga. Sasa tuseme mjomba wako ana shamba huko. Umefika, umeweka begi chini, umepewa maji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huku wiki ya pili hatulali. Nguruwe wanavuna kabla yetu."

"Sasa tufanyeje, mjomba?"

"We si ndiyo uko mjini? Tuletee bunduki."

Kaisema kama anayesema tuletee sukari kilo mbili! Na wewe, kwa kuwa hutaki kuonekana umefulia, unajibu, "Usijali mjomba, nalishughulikia." Hapo ndipo kasheshe linapoanza, na hapo ndipo safu hii inapoingia.

Kwanza tumtendee haki mjomba. Hatanii. Wewe unayelala Mbagala na feni inazunguka, adui yako mkubwa ni mbu. Yeye mpunga ukianza kubeba anahamia dunguni. Dungu ni kile kibanda cha juu ya miti kule shambani, mtu analala humo usiku kucha, anapiga debe, anapiga kelele kufukuza wanyama. Usiku wa kwanza raha, wa pili raha, wa ishirini macho mekundu kama pilipili.

Na nguruwe pori hatembei peke yake. Nyuma yake kuna anayemfuata. Mwaka 2005 watafiti wa simba, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda na Mmarekani Craig Packer, walichapa kwenye jarida la Nature hesabu ya kutisha: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine 308 au zaidi. Walipochunguza wakakuta nguruwe pori ana mkono wake katika jambo hili. Nguruwe anaingia shambani kula, mkulima anatoka nyumbani kwenda kulinda, simba anakuja kumtafuta nguruwe, anakutana na mtu kalala kwenye kibanda. Rufiji inalijua hilo vizuri. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja alisumbua upande wa Ngorongo mpaka watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha kabla hajauawa Aprili 2004. Watu walimpachika jina la Osama. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kwenye jino.

Kwa hiyo mtu wa Ruaruke akisema anataka bunduki, usimcheke. Tatizo lake ni la kweli. Swali ni njia.

Njia zipo mbili. Moja fupi, moja ndefu. Tuanze na ile fupi, maana ndiyo inayowamaliza watu.

Utaambiwa hivi, tena kwa sauti ya chini: kuna fundi kijiji fulani anatengeneza gobole. Bomba la chuma, kitako cha mti, baruti kidogo, mambo yamekwisha. Bei yake haifiki hata simu nzuri ya Kariakoo. Hakuna fomu, hakuna picha ndogo, hakuna kuzungushwa. Mjomba anafurahi, nguruwe wanakimbia, wewe unarudi mjini shujaa.

Sasa sikiliza. Kukutwa na silaha bila leseni katika nchi hii kunaweza kukupeleka kwenye kesi ya uhujumu uchumi. Ndiyo, uhujumu uchumi, lile kapu lile lile la wakubwa. Na tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, adhabu yake ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Mahakama haiulizi kama gobole lilikuwa la kuulia nguruwe au la kutekea basi. Inauliza: leseni iko wapi? Piga hesabu. Mjomba ana miaka 55. Akitoka ana 75. Mpunga wa msimu mmoja umemla mtu mzima.

Tena serikali ilishafungua mlango wa kutokea. Septemba na Oktoba 2023 kulikuwa na msamaha wa miezi miwili, mwenye silaha haramu aipeleke polisi au kwa viongozi wa serikali za mitaa, asiulizwe. Mlango wa namna hiyo ukishafungwa, umefungwa. Usikae na bomba chini ya uvungu ukisubiri mwingine.

Haya, tugeukie njia ndefu.

Sheria inayotawala mambo haya ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Wapo wazee wanaokwambia, "Mbona sisi enzi zetu tulipata haraka?" Waheshimu, waamkie, lakini usifuate ramani yao. Barabara imebadilishwa.

Na kabla hujagusa fomu yoyote kuna swali moja la kujibu, na ukilikosea hili mengine yote yataharibika. Swali lenyewe: bunduki hii itakuwa ya nani?

Najua utasema, "Ya familia." Hapana, ndugu yangu. Mbele ya sheria hakuna bunduki ya familia. Jembe linaweza kuwa la familia, na redio, na baiskeli. Bunduki ina mtu mmoja ambaye jina lake, picha yake na alama za vidole vyake ziko polisi. Huyo ndiye mwenye ruhusa ya kuishika. Sasa wewe unaishi Mbagala, unajaza karatasi kwa jina lako kwa sababu una kazi na pesa ni zako. Unanunua, unaipeleka Ruaruke, unamwachia mjomba, Jumapili jioni unageuza. Umefanya nini? Umempa silaha mtu asiye na leseni. Yeye kakamatwa nayo, wewe umetafutwa uliko. Mmekwenda na maji wote wawili, tena kwa bunduki ya halali yenye risiti!

Kwa hiyo kanuni ni hii, ikate uibandike ukutani: jina kwenye karatasi liwe la yule anayelala dunguni. Kama ni mjomba, aombe mjomba. Wewe mchangie ada, mchangie nauli, msomee fomu kama macho yamechoka. Lakini anayekwenda kuchukuliwa alama za vidole ni yeye.

Anayeomba anatakiwa awe na umri wa miaka 25 au zaidi. Vijana wa miaka 20 mnaojiona mmekomaa kwa sababu ndevu zimeota, mtasubiri. Awe na akili timamu, asiwe mlevi wa kupindukia wala mtumia madawa, asiwe na rekodi ya jinai ya kumtia shaka. Na lazima athibitike kwamba silaha anaijua na anaimudu, kwa sababu sheria ya 2015 inataka mtu awe na cheti cha kuonyesha hilo kabla ya kupewa leseni. Bunduki hainunuliwi halafu ndiyo ukajifunze kwa nguruwe.

Safari ya karatasi yenyewe inaanzia chini inapanda juu. Mjomba anaandika barua ya maombi, anaeleza anataka silaha ya aina gani na kwa nini. Barua inaanzia serikali ya kijiji anakoishi, kamati ya ulinzi na usalama inakaa, inamjadili, inaandika muhtasari. Inapanda kata. Inapanda wilaya kwa mkuu wa polisi na kamati yake. Inapanda mkoa. Mwisho iko Makao Makuu ya Polisi kwa msajili wa silaha. Kila ngazi inaweza kusema ndiyo, inaweza kusema hapana, inaweza kusema njoo wiki ijayo.

Nakusikia unaguna. "Ngazi zote hizo kwa ajili ya nguruwe?"

Hapa naomba tuache utani kidogo.

Kibiti si mahali pa kuzungumzia bunduki kwa masihara. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu wenye silaha walikuwa wanaingia vijijini, wengine kwa pikipiki, wanapiga watu risasi na kupotea. Waliuawa zaidi ya 30. Walikuwemo askari polisi, na walikuwemo viongozi wa vijiji na vitongoji, watendaji, watu waliokuwa wanakaa kwenye ofisi zile za bati na muhuri wa mpira. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja Mkengeni, wakiwa kwenye gari wakitoka lindoni, na bunduki zao zikachukuliwa. Mwezi uliofuata pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Rufiji ikafanywa kanda maalumu ya kipolisi. Kuna watu walipotea kipindi kile na ndugu zao hawajapata jibu. Mwandishi mwenzetu Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari hizo akiwa Kibiti, alitoweka Novemba 2017.

Sasa rudi kwenye barua ya mjomba. Nani anaipokea kwanza? Mwenyekiti wa kijiji. Mtu anayekalia kiti ambacho miaka ile kilikuwa kinamfanya mtu alale kwa jirani. Mtu ambaye huenda alimzika mwenzake wa kijiji cha pili. Leo unamwekea mezani karatasi inayosema, "Naomba bunduki," unataka agonge muhuri kabla chai haijapoa?

Akikuuliza mara mbili, usimwone mnoko. Akiita kamati, isubiri. Akitaka kujua bunduki italala wapi usiku, mwambie, tena umwonyeshe. Wale waliokuwa wakiingia usiku hawakuwa na barua wala muhtasari wala jina. Kinachomtofautisha mjomba wako na wao, kwa mtu anayesikia mlio gizani, ni kwamba kijiji kizima kinajua bunduki hiyo ni ya nani na iko kwa nani. Hiyo ndiyo maana ya zile ngazi.

Na wewe kijana uliyekuja na gari ya Jumamosi, tafadhali usijitie kimbelembele cha kutafuta njia ya mkato kwa kumwekea mtu kitu mfukoni. Rushwa kwenye karatasi ya bunduki haiishii kwenye karatasi.

Haya. Mungu kasaidia, kibali kimetoka. Sasa tunakwenda dukani, na hapa watu wa mjini mnaona mmefika nyumbani. Taratibu.

Duka la silaha si duka la simu. Ni la mtu aliyepewa leseni ya kufanya biashara hiyo na ana daftari lake ambalo polisi wanaweza kulikagua. Usinunue kwa mtu anayesema "kuna mzee anauza yake." Hata kama mzee huyo ni wa kweli na bunduki ni ya kweli, kuuziana kienyeji kwa kupeana mkono hakuna. Umiliki unahama kwa ruhusa ya polisi.

Mwenye duka wa kweli utamjua kwa jambo moja: kabla hajakuonyesha mali, anataka kuona kibali. Anayekuonyesha mali kwanza na kusema karatasi tutaona baadaye, mwage hapo hapo. Siku moja polisi watakuja kulisoma daftari lake, na ukurasa wako ndiyo utakuwa mtupu.

Ukipewa bunduki usianze kulenga dari. Tafuta namba. Kila silaha ina namba yake imechongwa kwenye chuma. Chukua kalamu, isome tarakimu moja moja, uilinganishe mahali patatu: kwenye bunduki, kwenye risiti na kwenye karatasi ya polisi. Zote tatu zifanane kabisa. Tarakimu nane ikisomeka tatu, usiondoke dukani mpaka irekebishwe. Leo ni kosa la kalamu la dakika tano. Keshokutwa, kwenye kizuizi cha barabarani saa moja usiku, ni bunduki isiyo na leseni mikononi mwa mtu mwenye leseni ya bunduki nyingine. Nani atakuelewa?

Namba hiyo si urembo. Nchi za ukanda wetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004, Tanzania ikiwemo, zikakubaliana silaha ziwekwe alama na zisajiliwe ili moja ikiokotwa kwenye tukio ijulikane ilitoka kwa nani. Hata bunduki ya mjomba iliyonunuliwa kwa ajili ya nguruwe imo kwenye mpango huo.

Na risasi nazo zina daftari. Nyingine zinatengenezwa hapa hapa nyumbani na Shirika la Mzinga la Morogoro, lakini usidhani utazinunua kama njugu. Unaonyesha leseni, idadi inaandikwa, na aina lazima ilingane na silaha yako. Risiti zake zitunze pamoja na ya bunduki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mali hii, ikipotea bila daftari, anayepotea ni mwenyewe.

Bunduki imenunuliwa, inakwenda Ruaruke. Mwenye leseni ndiye anayesafiri nayo, haina risasi ndani, iko kwenye mfuko wake, karatasi ziko mfukoni mwake yeye. Isichomekwe kwenye buti ya basi katikati ya magunia na kuku, mwenyewe kakaa mbele anasikiliza taarabu. Isitumwe kwa konda. Isipigwe picha ya kujidai na kusambazwa kwa washkaji.

Kule nyumbani ina kitanda chake: kasha la chuma linalofungwa, limefungwa kwenye ukuta au sakafu, ufunguo kwa mwenyewe. Risasi mbali na bunduki. Siyo juu ya dari ya makuti, siyo nyuma ya mlango, siyo chini ya godoro. Watoto wa Ruaruke hawana tofauti na wa Manzese. Kitu kilichofichwa ndicho wanachokitafuta.

Halafu jirani atakuja. Lazima aje. "Shehe, niazime siku mbili tu, tumbili wananimaliza." Ni rafiki, mlisoma madrasa moja, siku ya msiba wako alichimba kaburi. Mjomba atamwambia nini? Atamwambia, "Ndugu yangu, hii haiazimwi. Nikikupa nimekufunga, na mimi nimejifunga." Ni maneno magumu kumwambia mtu wa kijijini, maana huko kila kitu kinaazimwa, mpaka viti vya harusi. Kwa hiyo ni vizuri yasemwe mapema, siku ile ile bunduki inapoingia, mbele za watu, yasije yakaonekana ni choyo.

Ikiibwa au kupotea, mguu wa kwanza ni kituo cha polisi, siku hiyo hiyo. Si kwa mganga kwanza. Ikiharibika, isipelekwe kwa fundi baiskeli. Akihama wilaya, polisi wajue. Leseni ina tarehe ya mwisho, aisome na kuikumbuka kama anavyoikumbuka Idi. Ikifika, analipia na kupewa stakabadhi, na stakabadhi inaingia kwenye bahasha ile ile.

Kama unadhani haya ni ya wanyonge tu, kumbuka mwaka 2016. Polisi walitangaza uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mwenye bunduki aje nayo na karatasi zake. Rais wa wakati ule, Dk. John Magufuli, naye alizitoa zake zikahakikiwa. Mkuu wa nchi! Sasa mjomba wako ni nani asiwe na bahasha?

Kuna jambo watu wanalichanganya. Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Ni karatasi mbili tofauti, za ofisi mbili tofauti. Ya kwanza inasema unaweza kumiliki silaha. Ya pili inatoka kwa watu wa wanyamapori chini ya sheria yao ya mwaka 2009. Kumzuia mnyama anayekuvamia shambani ni jambo linaloeleweka, lakini linatolewa taarifa, halifichwi. Kutoka na bunduki usiku kwenda kutafuta swala wa kitoweo ni ujangili, hata kama leseni yako ya bunduki inang'aa. Na wale wa mjini mnaopiga simu, "Mjomba, huyo nguruwe msimtupe, kuna watu huku wanafungua meza ya kitimoto," acheni. Nyama ya porini isiyo na kibali ni mali ya serikali, nayo ina kesi yake. Hata tembo au kiboko akikumalizia shamba, kile kifuta jasho cha serikali kina fomu. Karatasi huikwepi, bwana.

Nimalizie na jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza. Mjomba ataondoka siku moja, kama sisi sote. Arobaini imeisha, mnagawana: huyu shamba, yule baiskeli, huyu mikorosho. Bunduki je?

Bunduki haigawanywi. Leseni ilikuwa ya marehemu, na imekufa naye. Kuanzia siku hiyo ile bunduki iliyokuwa halali jana, kwenye mikono yenu nyote haina mwenyewe. Msimamizi wa mirathi anaichukua pamoja na bahasha yake, anaikabidhi polisi, anapewa maandishi ya kuipokea. Kama kuna mtoto au mpwa anayeitaka, anaanza upya kule kule chini: barua, kijiji, kata, wilaya, mkoa. Haijalishi kwamba aliibeba begani toka akiwa mdogo. Familia ngapi nzuri, za watu wa swala tano, zina bunduki ya marehemu baba imelala uvunguni, na hakuna anayejua kwamba wote wamelala juu ya kesi? Wikiendi hii ukienda kwenu, uliza. Kama ipo, msigombane nani aibaki nayo. Nendeni kituoni na mzee mmoja mnayemheshimu, mtafute ushauri kabla hamjaibeba mkononi.

Sasa umeona. Mjomba alipokwambia "tuletee bunduki" ilionekana ni suala la pesa. Pesa ni kipande kidogo. Kwa hiyo ukirudi Ruaruke, kaa naye chini ya mwembe, mwambie kwa adabu: "Mjomba, kuileta siwezi. Lakini barua ya kuiomba tunaweza kuiandika leo, kwa jina lako." Kama akisikia ngazi zile akasema, "Basi acha, nitaendelea kupiga debe," hilo nalo ni jibu la mtu mzima. Mnunulieni tochi kubwa, vijana wapeane zamu ya dungu, na mpwa wa mjini awe wa kwanza kwenye orodha ya zamu.

Umenyamaza? Nilijua tu.

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa.